Anua Kwanza za Asiyekuwepo

Mjukuu wangu Mwamini alirudi juzi kutoka kwenye mafunzo ya vijana huko Kinindo, kwenye nyumba za geti na maua, ameshiba soda na maneno. Akaniambia, "Bibi, leo tumefundishwa namna mutu anaanguka na kusimama tena." Nikamuuliza aliyewafundisha alianguka wapi. Akasema hajui, ila alikuwa na viatu vizuri.

Sasa wamepewa kazi ya kutafuta mzee aliyepitia magumu, awaeleze. Mwamini amewatangazia wenzake kwamba bibi yake ni mtu asiyevunjika. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nisivunjike? Nilivunjika zamani, mwanangu, na vipande vingine sikuviokota. Lakini nimekubali. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunipamba.

Kazi yangu ilikuwa kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nyinyi mnazijua zikiwa kwenye sahani, zimekwisha kukaangwa na nyanya, mnachagua zenye vichwa na zisizo na vichwa kama mabwana. Sisi tulizijua zikiwa mbichi, zinang'aa, zinateleza mkononi. Wanaume walizivua usiku kwa taa, asubuhi mitumbwi ikifika pwani ya Kajaga wanawake tunazipokea, tunazitandaza kwenye mchanga, jua linazikausha, kisha tunazibeba kichwani hadi sokoni Buyenzi. Siku za mbalamwezi hakuna uvuvi, maana taa haina maana mbele ya mwezi, basi tunashona vitunga vya kubebea na kusengenyana. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, watu wengine bado ulimi unateleza wanauita mji wetu kwa jina la zamani, Usumbura.

Mimi sikuzaliwa kwenye samaki. Mume wangu Rashidi alikuwa fundi wa magari hapa hapa Buyenzi, nami nilikaa nyumbani nikipika na kujipaka hina. Tumbo likamshika, likamuua, nikabaki na binti yetu Zaina, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Eda ilipokwisha alikuja shemeji yangu Hamisi, kaka wa marehemu. Alikunywa chai yangu taratibu, akasifu iliki, halafu akasema:

"Shemeji, mutoto ni wa kwetu, unajua. Lakini sitaki kukupokonya. Ukiweza kumulisha mwenyewe, kaa naye. Siku utakuja kwangu kupiga hodi kwa sababu ya unga, siku hiyo utamuacha hapa, alelewe na watoto yangu."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angekuwa mbaya ningekuwa na wa kumlaani. Basi muelewe jambo hili kabla sijaendelea: kila kitunga cha ndagala nilichoanika, kilikuwa ni Zaina kulala kwangu usiku ule. Kitunga kikioza, Zaina anasogea hatua moja kwenda kwa Hamisi.

Aliyenifundisha kazi ni mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Mama Sifa. Alivuka na wengine wengi wakati huko kulipochafuka kwa vita, akapanga chumba Buyenzi nyuma ya gereji, Mkristo katikati ya Waislamu, na hakuna aliyemsumbua kwa sababu hakuna aliyeweza kushinda sauti yake. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na ufagio wa majani wa kukusanyia ndagala mchangani, ambao hakumwazima mtu hata awe nani.

Siku yangu ya kwanza nilijifanya mjuaji. Wenzangu wamekaa wanasubiri, mimi nimeshatandaza zangu zote, nawaona wavivu. Kumbe mchanga wa asubuhi ni baridi. Ndagala mbichi ikikuta mchanga wa baridi inaukumbatia, haiuachi tena. Unasubiri jua lipashe mchanga kwanza, unaweka kisigino, kikiungua ndipo unatandaza. Nilipofika sokoni, mzee mmoja alionja moja, ikalia kwenye meno yake, akatema. "We mama, unauza samaki ama unauza mchanga?" Soko zima likacheka. Mama Sifa naye alicheka, tena kuliko wote, halafu akanunua kitunga kile kwa ajili ya bata wake. Hakuwa na bata. Niligundua baadaye sana.

Na mengine alinifundisha. Usitandaze mbili juu ya mbili. Usigeuze kabla tumbo halijawa gumu, litapasuka. Ukitaka kujua imekauka, ikunje: ikivunjika na kutoa sauti imekauka, ikikunjika tu kimya kimya ndani kuna maji, inakudanganya. Mvua yetu inatoka milima ya ng'ambo, unaiona inatembea juu ya ziwa, na ukisikia upepo umegeuka baridi kwenye shingo, acha mazungumzo, anua.

Ikishaloa, usirundike. Hilo nalo nilijifunza kwa aibu. Mvua ilinipata, nikaogopa jirani wasione hasara yangu, nikazibeba zikiwa zimeloa nikazisukuma chini ya kitanda, nikafunga mlango. Ndagala mbichi zikirundikwa zinapata joto zenyewe, mnajua? Zinapika bila moto. Nilipoamka, paka wa Buyenzi nzima walikuwa mlangoni wanalia kama wamefiwa, na harufu imefika msikitini. Watu waliotoka kwenye sala walipita na kanzu puani. Mama Sifa alikuja, akavuta kitunga kutoka uvunguni, akaangalia, akanipigia goti kwa kunikejeli. "Yesu wangu! Mwajuma, unaficha nini huku, maiti?"

Nikaanza kulia. Kwangu hayakuwa masihara, nilikuwa namwona Zaina anachukuliwa. Mama Sifa akaacha kucheka, akakaa kitandani.

"Sikiliza. Hii mvua haikuchukii. Haikujui hata jina. Amuka."

Kila mara niliposhindwa aliniambia maneno hayo hayo, na kila mara niliamka. Na kuhusu kulia, alikuwa na kanuni yake: hulii mchangani mbele ya watu, maana wanunuzi wakiona machozi wanashusha bei. Unaingia ziwani hadi magotini, unageukia ng'ambo, unajifanya unaosha kitunga. Humo unalia utakavyo. "Kitunga yako itakuwa safi kushinda ya wote," alinitania, na kweli, mwaka ule wa kwanza changu kilikuwa kinang'aa.

Sasa niwaambie kawaida tuliyokuwa nayo pale Kajaga, maana hadithi yangu yote iko hapo.

Kila mwanamke alikuwa na mahali pake mchangani, pamewekewa mawe. Mvua ikianza, hukimbilii zako. Unaanua kwanza za asiyekuwepo. Aliyekwenda sokoni, aliyefiwa, aliye kwenye uzazi, aliyelala na homa: zake kwanza, halafu ndipo zako. Sababu yenyewe nyepesi. Wewe upo, una mikono, utafanya la kufanya. Yeye hana mikono pale. Ijumaa sisi Waislamu tulipokwenda kusali, Wakristo walituanulia. Jumapili wao wakiwa kanisani, sisi tuliwaanulia, na kanisa lao lilikuwa na mahubiri marefu, wallahi, tulifanya kazi. Hakuna aliyeandika wala kuapa. Ilikuwa hivyo tu, kama unavyomkaribisha mtu ukiwa unakula.

Mnaniuliza nilisimamaje tena kila siku? Nilisimama kwa sababu niliweza kugeuza mgongo. Nilisali nikiwa najua zangu zitaanuliwa. Nilikwenda sokoni nikiwa najua.

Halafu ziwa likapanda.

Hamtaniamini, lakini waulizeni wazee. Miaka ile mvua zilinyesha hadi ziwa likajaa, likaanza kula pwani. Halikuja kwa fujo. Leo limechukua jiwe lako la mbele, juma lijalo limechukua mstari mzima. Waliokuwa mbele walirudi nyuma, wakajibana kwa wenzao. "Dada, nipe ka nafasi tu, siku mbili." Siku mbili zikawa msimu. Mawe ya mipaka hayakuwa na maana tena. Mvua ikinyesha, ukianua za mtu unachanganya na za mwingine, na yule akija anasema zangu zilikuwa nyingi kuliko hizi. Kukaanza kununiana. Mmoja akamwita mwenzake mwizi, mbele ya watu, mwenzake ambaye Ijumaa ngapi alimwanulia. Siku iliyofuata mwanamke yule aliyeitwa mwizi alikaa kwenye zake tu, mikono kifuani, mvua inanyesha. Wengine wakamwangalia, wakajifunza.

Mimi na Mama Sifa tuliendelea. Yeye alisema, "Waache, ni hasira ya maji. Maji ikirudi, watarudi." Alikuwa na mahali pabaya kuliko wote wakati ule, karibu na wimbi, kwa sababu alimwachia pake mama mmoja mwenye mimba.

Ndipo Zaina akashikwa na homa. Asubuhi ile nilitandaza ndagala zangu haraka, na nilikuwa nimetia kila kitu nilichokuwa nacho kwenye mzigo ule, nikamwacha Mama Sifa aangalie, nikampeleka mtoto dispansari. Foleni ilikuwa ndefu. Nimempakata, mwili wake unanichoma mapajani, nikasikia shingo imepata baridi. Kisha bati la dispansari likaanza kulia, kwanza kidogo, halafu likafunika sauti zote. Nilifunga macho. Nilijiambia, tulia, hupo, wataanza na zako. Nikajiambia tena. Mara ya tatu sikuweza hata kumaliza kujiambia.

Mtoto alipopata sindano nilimfunga mgongoni nikaenda Kajaga mbio kwenye matope. Mvua ilikuwa imekatika. Wanawake walikuwa wamejikunyata kando ya mitumbwi iliyopinduliwa, na hakuna aliyenisalimu. Ndagala zangu zilikuwa juu, kwenye nyasi, kwenye vitunga, zimefunikwa mikeka, na juu ya mikeka kitenge cha Mama Sifa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mchangani na gaguro tu, ameloa hadi nywele, mguu mmoja kwenye wimbi.

"Zako ni zile," akasema. "Imeloa kidogo tu, pale pembeni."

"Na zako, Mama Sifa?"

Akaonyesha ziwa kwa midomo. Ndagala zake zilikuwa zinaelea, zimetanda nyeupe hadi mbali, ndege wamekwisha kufika. Na yeye pia alikuwa ametia kila alichokuwa nacho kwenye mzigo wa siku ile.

"Hawa hawakukusaidia?"

"Kila mutu alianua zake."

"Mama Sifa, kwa nini hukuanza na zako?"

Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha kipumbavu. "We haukuwa hapa."

Nyinyi mnaosoma haya mnasubiri niseme kwamba kesho yake Mama Sifa aliamka, akakung'uta ufagio wake, akaanza upya. Hata mimi nilisubiri hivyo. Mitumbwi ilifika, nikakaa naangalia njia. Hakuja.

Nilipomaliza sokoni nilikwenda chumbani kwake na nusu ya ndagala zangu. Alikuwa amelala, uso ukutani, mafundi wa gereji wanagonga vyuma nje. "Weka pale," akasema. Nikaweka. Nikamtania: Mama Sifa, unanuka kuliko uvungu wangu. Nikamwambia wanunuzi wanamuulizia. Akavuta shuka hadi shingoni. Basi nikatoa dawa yenyewe, ile aliyonipa mimi kila mara.

"Mama Sifa, hii mvua haikuchukii. Haikujui hata jina. Amuka."

"Najua," akasema, bado anatazama ukuta. "Afazali ingenichukia. Ningejua sababu." Kisha: "Si mvua, Mwajuma. Mvua ni mvua. Wale wanawake nilianulia samaki yao Ijumaa zote. Walikuwa pale. Waliniona nakimbia, waliona maji inachukua zangu. Mumoja aliinamisha kichwa akaendelea kuanua zake. Mi siwezi tena kutandaza kitu nikageuka mugongo."

Nilikaa naye mpaka giza. Nilijua kumfundisha mtu kukausha samaki aliyeloa. Lakini Mama Sifa ningemkausha kwa kitu gani? Nilirudi kila siku na chakula, alikula kidogo kwa adabu. Kiangazi kilipoanza nilikuta mlango uko wazi na chumba kimefagiliwa. Jirani akasema amevuka, amerudi kwao, vita au hakuna vita. Ufagio wake ulikuwa umeegemezwa mlangoni, umefungwa kwa kipande cha kitenge kile. Aliuacha kwa ajili yangu. Sikupata habari zake tena. Niliuliza kila aliyetoka Uvira, miaka mingi, mpaka watu wakanikwepa.

Ziwa likamaliza mchanga wetu uliobaki. Nilianika juu ya bati za nyumba za Buyenzi, majirani wakalalamika harufu. Nilianika kwenye uzio, kunguru wakashukuru. Nilijaribu kuzichoma kwa moshi wa nyasi mbichi, zikawa chungu. Kila usiku nilipima unga kwa macho. Nilikata tamaa, nasema wazi, Mwamini andika hivyo hivyo: nilikata tamaa na bado niliamka, kwa sababu mtoto akiamka ana njaa hamuulizi mama yake kama ana tamaa.

Siku moja unga haukuwepo kabisa. Nilimshika Zaina mkono nikaenda kwa Hamisi. Sikuomba. Nilisimama tu mlangoni, na kusimama kulitosha. Hamisi hakunisimanga hata kidogo. Mke wake alinijazia unga kwenye kitambaa, akamletea Zaina gauni jipya la maua, Zaina akalivaa akacheka. Nikamwambia nakwenda sokoni narudi. Akanipungia mkono bila kuniangalia, anaangalia maua.

Ndiyo, nilisimama tena! Hiyo ndiyo sehemu mnayoitaka kule Kinindo, chukueni. Maji yalirudi nyuma baada ya miaka, mchanga ukaonekana, nikawa wa kwanza kwenda. Nikajenga vichanja vya miti na nyavu kuukuu ili samaki wasiguse mchanga tena, wengine wakaniiga. Nikawa Mwajuma wa Kajaga, wanunuzi kutoka juu milimani wananitafuta kwa jina. Kila mwanamke alianua zake, nami zangu, nami nilikuwa na mikono myepesi kuliko wote. Nilipoona nimesimama kweli, nikanunua kanga mpya nikaenda kumchukua mwanangu.

Zaina alikuwa anacheza kamba uani. Aliniona, akasimama, akanisalimu shikamoo kwa adabu nzuri sana. Kisha akakimbia ndani. Nikamsikia: "Mama, kuna mugeni."

Mke wa Hamisi alitoka, akaniona, akafunika mdomo kwa mkono. Maskini, aliona haya kuliko mimi. Hamisi akasema nimchukue nikitaka, mimi ndiye mama, alisema kweli. Nikamwangalia mtoto amejificha nyuma ya kanga ya mwanamke yule, ameishika kwa mikono yote miwili. Nikakaa. Nikanywa chai. Nikaondoka.

Amekuwa mtu mzima, ameolewa, amemzaa Mwamini, amenipa Mwamini nikae naye kwa ajili ya shule. Zaina ananiheshimu sana. Hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja, kama usivyomjibu vibaya mgeni.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Mikono haina nguvu tena na macho yana ukungu, lakini mvua ikianza hapa uani kwetu, nyumba sita, kamba moja ya nguo, naamka. Mwamini hucheka. "Bibi, za kwetu zinaloa!" Namwambia ziache. Naanua za muuguzi wa pale pembeni aliye kazini, za dereva aliye safarini, halafu zetu. Msiniite mwema. Ni miguu tu imezoea, inakwenda yenyewe.

Siku ile ya mafunzo Mwamini alikuwa Kinindo anafundishwa kusimama, na mimi nilikwenda kuangaliwa macho. Tulikuwa tumefua, tumeanika vyote. Mvua ilinikuta kwenye benchi la daktari, na moyo wangu mjinga, baada ya miaka yote hii, ukaniambia tulia, hupo, wataanza na zako.

Nilipofika uani kamba ilikuwa tupu, kasoro upande wetu. Shuka zetu, sare ya Mwamini, kanga zangu, zote zinachuruzika, moja imeanguka kwenye tope. Milango mitano ilikuwa wazi, redio zinaimba, dereva akanisalimu vizuri kutoka kizingitini, "Bibi, pole na mvua." Nikasema asante. Nikaokota iliyoanguka, nikaisuuza, nikazikamua zote moja moja kwa mikono hii, nikazianika tena.